Nyumba Iliyolia Mchana

Kazi ya ile nyumba niliipata kwa sababu mafundi wawili walikuwa wameikimbia. Ni nyumba ya mawe iliyojengwa na Makaburu zamani, nje ya Eldoret ukielekea Moiben, na kaunti ilikuwa imeamua itengenezwe watu waje kuitazama, badala ya kuachwa ianguke. Fundi wa kwanza alifanya siku mbili akaondoka, akaacha msumeno wake ndani, na hakuurudia. Wa pili hakuvuka hata mlango. Walisema kuna mtoto analia humo ndani.

Mimi nilikubali bila maswali mengi. Mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Watoto wetu wawili wako mbali, wanapiga simu Jumapili. Kwangu mtaani Kapsoya nilikuwa nawasha redio asubuhi ili tu kuwe na mtu anayeongea. Nikajiambia, mtu aliyezoea nyumba kimya atashindwa na nyumba inayolia?

Siku ya nne niliisikia. Ilikuwa kama saa nane mchana, jua kali, nami nimepiga magoti sebuleni nikikwangua rangi kwenye sakafu ya mbao za mtarakwa. Sauti ilianza chini, ikapanda, ikakatika, ikaanza tena. Kweli ilikuwa kama ya mtoto mchanga aliyechoka kulia lakini hajanyamazishwa. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi mpaka ikaisha, kisha nikarudi kwa sababu gundi niliyopasha ingeganda.

Habari zikafika Kapsoya kabla yangu. Mama jirani, ambaye zamani alimtuma mtoto wake aniletee maziwa, aliacha kumtuma. Kanisani niliona benchi langu limekuwa na nafasi kubwa. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimu vizuri, wakaenda kuketi kwingine. Mzee wa kanisa alinishauri kwa upole nitafute kazi nyingine, kwa sababu mjane wa kiume akikaa peke yake na mambo kama hayo anaweza kuharibikiwa. Nilimshukuru. Kesho yake nilirudi kazini.

Na nikazoea. Nasema jambo hili kwa aibu kidogo: nilianza kuingoja ile sauti. Nilikula chakula changu mapema ili saa nane inikute nikifanya kazi karibu nayo. Siku moja nilijikuta nikiiambia, kwa lugha ya kwetu, maneno ambayo mke wangu aliwaambia watoto wetu wakilia. Nilinyamaza ghafla, nikatazama dirishani kama kuna aliyenisikia. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na shamba la mahindi na ng'ombe wawili.

Mwezi wa pili wa kazi nikapanda juu ya paa kubadilisha mabati, na huko nikaona. Chimni ya jikoni, ile ya kutolea moshi, ilikuwa imepasuka upande wa mashariki, jiwe moja limeanguka, na upepo wa mchana ulipoanza kuvuma uliingia pale, ukapita ndani ya ule ufa mrefu na kulia. Niliweka kiganja changu, sauti ikafa. Nikakiondoa, ikarudi. Nilipaswa kufurahi. Nilikaa pale juu kwa muda mrefu, miguu inaning'inia, nikajisikia kama mtu aliyeachwa mara ya pili.

Simenti ilikuwepo, mawe yalikuwepo. Kuziba ufa ule ni kazi ya asubuhi moja. Nilitafuta kazi nyingine wiki mbili nzima: madirisha, bawaba, milango ambayo haikuwa na haraka yoyote.

Ndipo akaja mama mmoja nisiyemjua. Alikuwa mzee sana, ameshika fimbo, shuka mabegani, na alipita langoni bila kusita kama mtu anayeingia kwake. Nilimletea kiti. Aliniuliza kama ni mimi fundi anayeshinda humu peke yake, nikasema ni mimi. Akaniuliza kama nimefika kwenye chimni.

Nilishangaa. Nikamuuliza, "Mama, wewe unajua ni chimni?"

"Ni upepo," alisema. "Najua tangu nikiwa msichana."

"Na mbona watu wanasema ni mtoto?"

"Kwa sababu mimi niliwaambia ni mtoto."

Kisha akanieleza, polepole, kwa Kiswahili cha kukwama kama changu. Alikuwa yaya katika nyumba ile, akiwatunza watoto wa wenyewe, na kabla hajaolewa alipata mtoto wake. Mtoto aliishi majuma machache, kifua kikambana. Kwao hawakutaka hata kumwona, kwa hivyo alimzika mwenyewe nyuma ya jikoni, chini ya mti wa mpeasi. Wenye nyumba walipouza na kuondoka wakati wa uhuru, watu wakaanza kuja kuchukua mawe na kulima mpaka ukutani. Akaona jembe litafika kwenye mpeasi. Hivyo alipokwenda mtoni kuteka maji akawaambia wanawake wenzake kwamba ile nyumba inalia. Walikuja mchana mmoja, wakasikia kwa masikio yao. Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa jiwe.

Nilielewa basi kwa nini vitasa vya shaba vilikuwa bado milangoni, na kwa nini hakuna ubao hata mmoja wa sakafu uliokuwa umeibwa miaka yote hiyo.

"Watoto wangu hawajui," alisema. "Hata mume wangu alikufa hajui. Wewe ziba tu, mvua isiharibu nyumba. Lakini huko nyuma wasichimbe."

Nilimwahidi. Tulikwenda pamoja hadi kwenye mpeasi, ambao sasa ulikuwa umezeeka na upande mmoja umekauka, akanionyesha kwa ncha ya fimbo. Hakulia. Alisimama kidogo, akaomba maji ya kunywa.

Mchoro wa kaunti ulionyesha kwamba mahali pale ndipo magari yangeegeshwa. Msanifu wa majengo, dada mmoja makini asiyependa maneno mengi, alipokuja kukagua nilimwambia kuna kaburi la mtoto. Aliniuliza ni la nani. Nikasema ni la mtoto wa nyumba hii. Alichukua kalamu, akasogeza maegesho upande wa barabara. Nilitengeneza ua mfupi kwa mabaki ya mtarakwa, nikauzungusha pale, halafu nikapanda na ndoo ya simenti na kuziba chimni. Saa nane ya siku ile nilikuwa ndani. Nilisikia ng'ombe, nikasikia pikipiki barabarani, na hakuna zaidi.

Yule mama alirudi mara tatu kabla ya nyumba kufunguliwa. Nilichemsha chai, tukakaa ngazini tukanywa. Mara ya nne nilimngoja, hakuja. Nilisikia kutoka kwa muuza maziwa kwamba alilala usiku na hakuamka tena. Nilikwenda mazishini, nikasimama nyuma. Mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye mvi, alinifuata kunishukuru kwa kuja na akaniuliza nilimjua mama yake vipi. Nikamwambia alikuwa akipita kazini kwangu kunisalimu.

Siku hizi wageni wanakuja, hasa Jumamosi. Wakifika kwenye ule ua wanapunguza sauti. Nimewasikia wakiambiana kwamba hapo amelala mtoto wa mzungu, maskini, alikufa mbali na kwao. Wengine huacha maua. Mimi huwa pale nikipaka mafuta milango, maana kaunti ilinipa kazi ya kuitunza nyumba, na mara nyingi nimetamani kumwambia mtu mmoja tu ni mtoto wa nani. Kisha nawakumbuka wanawe yule mama, wasiojua, na naendelea kupaka.