Kamati Imehesabu Stika

Kosa la watu wengi ni kudhani stika iliyobandikwa kwenye kompyuta ndiyo inayotaja mfumo uliomo ndani.

Leo kamati ya maktaba yetu hapa Lushoto imelifanya kosa hilo mbele ya macho yangu.

Walitaka kujua mfumo upi una kompyuta nyingi zaidi, Windows au Linux. Mwalimu wa mfumo utakaoshinda ndiye atakayepewa darasa la vijana.

Mimi nafundisha Linux. Windows ni ya Mzee Hoza, mwenzangu tangu tulipofundisha sote huko Vuga.

Katibu akapita meza hadi meza akisoma stika.
"Windows. Windows. Na hii Windows."

Jamani, kompyuta zile ni za mtumba! Stika zilibandikwa kiwandani. Linux niliiweka mwenyewe baadaye kwenye nyingi kati yake, na haiji na stika.

"Mwanangu, ziwashe kwanza," nikamwambia.
"Babu, umeme hakuna tangu asubuhi."

Mzee Hoza akacheka. "Mwalimu, kubali tu. Hata stika huna!"

Ukumbi mzima ukacheka naye.

Nilipowaona vijana wakimzunguka na kumwita "mwalimu wetu", wivu ulinikaba hadi chai ikanishinda. Vijana hao nawataka mimi, sifichi.

Kamati inapitisha jina lake kesho. Umeme umerudi sasa hivi.

Wewe uliye karibu na maktaba: ingia leo, washa kompyuta moja, piga picha ya kioo chake, umpelekee katibu aone mfumo uliomo ndani.