Nusu Yangu ya Mashine

Majina yao wote ninayo kichwani, hata la askari wa chifu, lakini siyaandiki. Wana wajukuu, na hao hawakunikosea.

Miaka ya sabini mume wangu alikuwa ameshafariki, ameniacha na watoto watatu na mbuzi. Rafiki yangu, mwanamke Mmeru muuza miraa, alinikuta kwenye foleni ya kusaga mahindi. Akasema, "Dada, tukinunua mashine yetu, hawa wote watapanga foleni kwetu." Niliuza mbuzi wote, nikabakisha wawili wa maziwa. Yeye akatoa akiba yake. Tukafungua pale Kiwanjani, nusu kwa nusu.

Yeye alikuwa amesoma. Akaniambia, "Twende tuandikwe wote wawili. Hisa yako iwe na jina lako."

"Andika lako tu."

"Na nikikutoroka?"

"Na hiyo miguu mifupi utafika wapi?"

Tulicheka, lakini sababu yangu ilikuwa nyingine. Mimi nimezaliwa Ngaremara, kwa watu wa mifugo. Tukisikia watu wa serikali wa kuhesabu mifugo wanakuja, baba alitawanya wanyama kwa marafiki, huyu kumi, yule sita, akabaki na wale waliokonda. Hao watu wakishapita, kila mnyama anarudi. Sikuwahi kuona rafiki akisema ng'ombe wa baba ni wake. Nikaona hisa nayo ni hivyo hivyo.

Mashine ilitulisha. Watoto walivaa viatu. Halafu, miaka ya themanini ikiwa imeanza, akaja mtu wa kodi na faili kwapani. "Hii biashara ni ya nani na nani?"

Rafiki yangu akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu. "Ni ya huyu peke yake," nikasema. "Mimi nafagia tu."

Akaandika, akanisomea: hana hisa, hapati faida. Nikaweka kidole.

Alipoondoka, rafiki yangu alinigeukia kama moto. "Wewe una wazimu? Faida ikigawanywa kwa wawili, kodi ya kila mmoja ni kidogo. Sasa yote imewekwa juu yangu!"

"Tutalipa pamoja."

Na tulilipa pamoja, kila mara, mkono kwa mkono, bila karatasi.

Kisha akaanza kukohoa. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena, akafa. Hata arobaini haikuisha, mume wake, aliyekuwa amebaki kwao, akashuka kutoka Meru, akashika ile karatasi ya mtu wa kodi aliyoikuta kwenye vitu vya mkewe. "Pole mama," akasema. "Nimeambiwa ulikuwa unafagia. Nitakupa mshahara wa mwezi huu. Alhamisi naipeleka mashine Meru."

Nikaichukua ile karatasi, nikakimbia kwa chifu. Akaisoma mara mbili.

"Mama, hapa umesema huna kitu."

"Nilikuwa naficha."

"Ulikuwa unamficha nani?"

"Serikali."

"Na mimi ni nani?" Askari wake akacheka mpaka akashika ukuta. Chifu hakucheka. Akasema, "Nenda kwa watu wa kodi. Waambie ulidanganya, wakuandike upya na nusu yako, ulipe kodi ya nyuma yote. Ukiniletea hiyo karatasi, mashine haitoki hapa. Una mpaka Alhamisi."

Siku mbili sikula. Ningelipa na nini? Na wakinifunga, watoto wangu nimpe nani? Marafiki wa kuachiwa mali nilikuwa nao. Wa kuachiwa watoto, mmoja tu, na tulikuwa tumemzika.

Jumatano nilienda. Nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi, maneno nimeyapanga: nilidanganya, nusu ni yangu. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa yule yule wa faili. Hakunikumbuka.

"Ingia mama. Una shida gani?"

Kichwani niliona watoto wangu watatu wamesimama kwenye geti la jela.

"Nimekosea mlango," nikasema.

"Ulikuwa unatafuta wapi?"

Nilitoka, nikatembea mpaka nyumbani. Alhamisi, lori lilipokuja, wapakiaji walikuwa watatu tu na mashine ilikuwa nzito. Mume wa rafiki yangu akaniita nishike upande mmoja. Nikashika.