Mstari Nisiouinua

Asubuhi ile nilikuwa nafupisha sketi ya shule ya binti wa jirani, na Bhai Arshad alikuwa amesimama nyuma ya nondo za kaunta, mkate mkononi, hataki kumpa mteja mpaka amalize shairi.

"Eish, wena Arshad! Mkate kwanza!" Gogo Thandi alimfokea, huku anacheka.

Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, ndiye mwenye nyumba. Spaza yetu, duka dogo la mtaani, ilikuwa kwenye gereji yake, hapo Soweto. Arshad aliuza unga, mishumaa na sabuni, na mimi, mtu wa Tanga, nilikuwa na cherehani yangu pembeni ya friji. Kwao Pakistani alikuwa mwalimu, na alishachapisha kitabu cha hadithi fupi na mashairi kwenye majarida. Huku aliandika Kiurdu chake kwenye madaftari ya shule aliyoyatoa rafuni mwake mwenyewe, kutoka kulia kwenda kushoto, akiacha kalamu kila mteja anapogonga. Hadithi zake zilikuwa za mtaa uleule. Moja ilimhusu bibi anayenunua mshumaa kila siku ingawa umeme upo. Gogo aliposimuliwa akajitambua, akadai aandikwe mwembamba zaidi.

Mashairi yalikuwa na utaratibu wake. Kwao mshairi husoma mstari wa kwanza, kisha hunyamaza. Wasikilizaji huurudia kwa sauti, wanauinua, na mshairi akiridhika hushusha wa pili, ule wenye maana yote. Asipoinuliwa haendelei. Huko alikuwa na ukumbi mzima wa watu. Soweto alikuwa na mimi na cherehani.

"Baji, inua," alikuwa ananiambia. Baji kwao ni dada mkubwa, kama Bhai ni kaka.

"Sijui hata umesema nini."

"Maana iko mstari wa pili. Wewe inua tu."

Basi nikawa nainua. Miaka mitano nilirudia maneno nisiyoyaelewa huku nikitia uzi kwenye sindano, na akishusha mstari wa pili nasema "wah, wah" kama alivyonifundisha, mawazo yangu yako kwenye pindo. Sikufichi, mara nyingine alinichosha. Lakini baada ya mume wangu kufa sikuwa na mtu mwingine wa kunisubiri nimalize kusema.

Gogo alichukua mkate wake, akaenda kliniki kufuata dawa za presha. Haikupita saa moja tukasikia filimbi.

Zilitoka upande wa robot, zile taa za barabarani, penye njia panda. Kisha nyimbo. Kisha vioo. Redioni waliita vurugu, na ndugu zangu wa Tanga bado wananiuliza vurugu zile zilikuwaje. Mimi naita vita, kwa sababu nilisikia risasi na nilijua zinatafuta nani: sisi wageni.

Arshad aliushusha mlango wa chuma, akaukomea kwa ndani.

Dirisha la nyuma tulikuwa tumeliziba sisi wenyewe kwa bamba la chuma baada ya kuibiwa sukari. Siku ya kulichomelea tulipeana mikono kwa furaha. Mlango mdogo wa kuingilia jikoni kwa Gogo ulikomewa upande wake, na Gogo hayupo. Hakukuwa na njia nyingine.

Tukalala chini nyuma ya magunia ya unga. Nilizima friji ili isingurume.

Walifika.

Waligonga mlango kwa vyuma. Mmoja alisema kwa Kizulu kwamba mwenye duka amekimbia. Mwingine akasema wasikilize kwanza.

Wakasikiliza.

Nilikuwa naona viatu vyao kwenye upenyo wa chini ya mlango. Jasho la Arshad lilinidondokea shingoni. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani anasoma dua.

Halafu akanong'ona mstari mmoja. Haukuwa wa daftarini, maana mashairi ya humo yote nilishayasikia. Aliutunga palepale. Akaukatia mahali pake, akanigeukia, akasubiri.

Nilimziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza, Bhai," nilimwambia sikioni. "Watatuua."

Hakuutoa mkono wangu. Alinitazama tu, kwa yale macho ya kusubiri, na mimi nikatikisa kichwa.

Viatu viliondoka. Tulipumua. Kisha tukasikia maji yanamwagwa mlangoni, na harufu ikatuambia si maji.

Moshi ulijaa haraka. Alinisukuma mpaka kwenye mlango wa jikoni, akanivua mtandio, akauchovya kwenye ndoo ya kupozea soda, akanifunga usoni. Yeye hakujifunga kitu. Alipiga mlango kwa mabega mpaka nikaacha kusikia kishindo.

Gogo ndiye aliyefungua. Alikuwa amerudi kwa miguu, dawa zake bado mkononi, akiwatukana vijana wale kwa majina ya mama zao. Tulimvuta Arshad kwa miguu, sote wawili, mpaka uani.

Hospitalini alikaa siku mbili, na mpira wa kupumulia kooni. Nilimwinamia nikamwambia, "Sema sasa, Bhai. Nitainua." Alifumbua macho. Hakuweza hata kukohoa. Siku ya tatu nilikuta kitanda kimetandikwa upya.

Madaftari yote yaliungua, hadithi na mashairi. Gogo aliyatafuta kwenye majivu kwa mikono mitupu, akapata waya wa pembeni wa moja.

Siku hizi nashonea mtaa mwingine, Rosettenville. Kila Jumapili mchana Rubina, binti wa Arshad, ananipigia simu kutoka Pakistani. Huniita phuppo, yaani shangazi. Kiingereza chake na changu ni vya kuokoteza, lakini mistari haihitaji Kiingereza. Mimi naisema na yeye anaandika. Mwanzoni alilia kwa furaha, kwamba si yote ya baba yake yaliyopotea. Wiki ya tatu ndipo alipouliza, "Na wa pili, phuppo?"

Nilikuwa na mistari ya kwanza tu. Ndiyo niliyokuwa nairudia. Ya pili niliisemea "wah, wah", ikapita.

Ule wa nyuma ya magunia nilimficha muda mrefu. Mwaka jana nikamsomea. Akanitafsiria: *Mlango huu niliufunga kwa mkono wangu mwenyewe.*

Nikamweleza yote, na kiganja changu pia. Akasema nilifanya sawa, wangetusikia. Gogo naye husema hivyohivyo. Huenda ni kweli. Mkono ule ulitununulia dakika chache, na dakika hizo ndizo zilizomfikisha Gogo nyumbani, na mimi nipo hai. Lakini kulikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumwinulia, naye alitikisa kichwa. Najuta, na sitaki kutolewa majuto yangu.

Jumapili nikishamaliza mistari mingine nauinua na huo, kwa sauti, mara mbili kama alivyonifundisha. Kisha nanyamaza, na Rubina ananyamaza upande wake. Tunampa nafasi yake. Halafu mmoja wetu anaulizia hali ya hewa.