Vifuu Visivyo na Macho

Zipo siku nilizozisahau ambazo ningependa kuzikumbuka, mwanangu, na ipo moja naikumbuka ambayo ningependa kuisahau: siku niliyotambua kwamba nimeiua miche ya pilipili ya Bibi yangu kwa kuipenda. Sikuikanyaga, wala sikuwaachia kuku waidonoe. Niliizamisha kata kwa kata, mimi niliyemaliza darasa la kumi na kuwaandikia barua nusu ya mtaa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, tunakaa Ngamiani, mimi na Bibi, mama wa marehemu mama yangu. Nilikuwa mtu wa ndani. Wenzangu walijua njia ya kwenda mpirani na njia ya kwenda ngomani. Mimi nilijua nyufa zote za ukuta wa ukumbi wetu, na kila ufa nilikuwa na uhusiano nao. Mtu akibisha hodi nilisogea nyuma ya Bibi, hali nilikuwa nimempita kwa kimo.

Sasa Mjomba, aliyekuwa karani katika shamba la mkonge upande wa Muheza, alinitafutia kazi huko: kukaa chini ya bati na kuandika majina ya wakata mkonge. Nilisikia kwamba huko kuna nyoka, kuna mbu, na hakuna Bibi. Nyoka na mbu ningewavumilia. Bibi alinitetea, akasema kijana anayekaa nyumbani naye ana kazi yake. Mjomba akacheka, akauliza ni kazi gani. Bibi akatazama huku na huku ukumbini, na jicho lake likaangukia karai la mbegu lililokuwa chini ya dirisha.

Hivyo ndivyo nilivyofungwa. Bibi alikuwa anasafiri kwenda Ushongo kumuuguza dada yake aliyeanguka. Wakapatana yeye na Mjomba: akirudi akaikuta miche yake kumi na miwili i hai na iko tayari kwenda shambani, mimi nabaki. Akiikuta imekufa, Mjomba anakuja Ijumaa ananichukua. Na haikuwa miche ya mchezo. Ilikuwa pilipili mbuzi, mbegu aliyotoka nayo kwao alipoolewa, na mipilipili yake uani ilikuwa imekauka yote mwaka uliotangulia. Zile mbegu ndizo zilizobaki duniani, kwa kadiri Bibi alivyoijua dunia.

Aliziotesha ndani kwa sababu uani palikuwa na kuku na jua lisilo na adabu. Kabla hajaondoka alinipa maagizo mawili. La kwanza, miche ikitoa majani manne niihamishe kutoka karaini, kila mmoja kwenye kifuu chake, na vifuu viwe vile vyenye macho. La pili, nisiimwagie maji kwa kuitazama. Alinishika kidole cha shahada akanionesha pingili ya kwanza. "Chomeka kidole hadi hapa. Kikirudi na udongo, usitie maji. Kikirudi kitupu, tia."

Nikaitikia ndiyo Bibi, ndiyo Bibi. Mwanangu, jihadhari na mtu anayeitikia haraka. Sikio lake ni mlango uliofunguliwa mbele na nyuma.

Majani manne yakatoka. Nikaenda penye lundo la vifuu jikoni, nikachagua. Unajua nazi ikipasuliwa hutoa vifuu viwili: kimoja kina yale macho matatu, kingine ni kipofu. Vyenye macho nilivipata vinne tu, vingine vilikuwa vimekwisha ingia motoni. Ningeweza kungoja siku nne tano, nazi zikunwe, vipatikane. Lakini nilikuwa msomi. Nikajiambia Bibi ana mambo yake ya kizamani. Leo ni macho ya nazi, kesho atataka nifukize ubani. Kifuu ni kifuu. Nikajaza udongo vile vinne, na vipofu vinane, nikapanda. Halafu nikachukua karatasi nikapiga mistari kwa rula: asubuhi kata moja, adhuhuri kata moja, alasiri kata moja. Nikaibandika ukutani nikasimama nikaitazama, nikajiona bwana shamba.

Siku ya tano mche mmoja ulilala.

Ulilala tu, kama mtu aliyechoka. Nikaona una kiu, nikautilia maji. Kesho yake ikalala miwili mingine. Nikafuta ratiba, nikaandika kata tano badala ya tatu. Nikiinama karibu naona shina limekuwa jembamba pale linapoingia udongoni, la hudhurungi kama uzi uliolowa chai, lakini mtu mwenye hofu haoni anachokitazama. Nikasema ni kiu. Nikatia maji. Ikafa sita. Lori likipita barabarani likapunguza mwendo, moyo unaniambia ni la mashamba ya mkonge, limekuja kunichukua kabla ya Ijumaa.

Siku iliyokufa ilipofika minane, vipofu vyote vinane vikiwa makaburi, nilibaki na ile minne. Nikaingiwa na wasiwasi kwamba huenda nayo inaumwa mizizi. Basi nikaung'oa mmoja ili niangalie. Mizizi ilikuwa mizima, myeupe, mizuri sana. Nikaurudisha. Jioni ukafa.

Ucheke tu, nimekuruhusu. Mimi sikucheka. Habari zilikuwa zimeletwa kwamba Bibi atafika Alhamisi, na ilikuwa Jumatatu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Nilikuwa naujua ule msemo, tuliuandikia insha shuleni nikapata alama nzuri. Lakini pembeni ya choo chetu minavu, ile mboga, ilikuwa imejiotea, michanga, majani yake ukiyatazama kwa mbali ukiwa umefumba jicho moja ni pilipili kabisa. Nikang'oa michache iliyolingana, nikaipanda kwenye vile vifuu tisa vitupu. Nikahesabu: kumi na miwili.

Jirani yetu Bi Mwanatumu, mwanamke wa maneno machache na yote makali, alikuja Jumatano kuazima kinu. Akapita karibu na dirisha akasimama. Akatazama vile vifuu, akanitazama mimi, akarudi kuvitazama vifuu. Nikamuuliza kuna nini, mama. Akasema hamna kitu, ila anadhani mwaka huu pilipili za Bibi zitakuwa tamu zikitiwa nazi. Akabeba kinu akaondoka. Tangu hapo hadi kesho yake sikumbuki kama nilipumua.

Alhamisi, baada ya alasiri, Bibi akaingia. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Akaitikia marahaba, akavua viatu, hakukaa. Alikwenda moja kwa moja dirishani.

Alichomeka kidole kwenye kifuu cha kwanza. Kikarudi kinachuruzika. Akakiinua kile kifuu, akakigeuza chini juu, akapapasa palipopaswa kuwa na macho. Akakiweka. Akachukua cha pili. Mwanangu, nimeogopa mambo mengi maishani, na uoga ni fani niliyobobea, lakini sijawahi kuogopa kitu kama kile kimya cha mwanamke mzee anayepapasa vifuu. Alipofika cha tatu ulimi wangu ukafunguka wenyewe.

"Bibi, hiyo si pilipili. Ni mnavu."

Hakugeuka. "Mnavu nimeula sijaota meno. Niambie nisilolijua."

Basi nikamwambia asilolijua. Vifuu vinne na vinane, karatasi na rula, kata tatu zilizokuwa tano, na ule mche nilioung'oa kuuangalia mizizi. Hapo kwenye mizizi nilimwona Bibi anafunga macho. Nilipomaliza akaniuliza kwa nini nilizidi kutia maji wakati udongo ulikuwa umelowa. Nikasema niliogopa isije ikafa.

"Sasa aliyekuwa na kiu nani," akasema, "wewe au mche?"

Kisha akanieleza bila kupaza sauti kwamba jicho moja la nazi ni laini, nazi ikikunwa hubaki tundu, na hapo ndipo maji yanayozidi hutokea. Kifuu kisicho na macho hakina pa kutolea. Mche hukaa miguu majini usiku na mchana hadi shina lioze. Hayakuwa mambo ya kizamani. Yalikuwa mambo ya tundu.

Ijumaa Mjomba alikuja na sanduku la kunichukulia nguo. Bibi akamwambia angoje kwanza, hawezi kuamua mambo mawili kwa pamoja. Aje tena Ijumaa ijayo, kwanza ile mitatu ishike. Nikapata wiki moja ya kuogopa zaidi.

Siku tatu tuliitoa miche nje asubuhi, kivulini penye ukuta, tukairudisha ndani jua likipanda, ili ijue kwamba kuna upepo na kuna jua. Siku ya nne, jioni, jua limekwisha poa, tukaihamisha uani penye wigo. Bibi alichimba, akatia samadi ya mbuzi iliyozeeka, akakipasua kifuu kwa nyundo polepole, ule mche ukatoka na udongo wake wote kama yai linavyotoka gandani. Maji akatia chini, hakulowesha majani. Kila mmoja akaukingia kipande cha kuti.

Kesho yake adhuhuri nilichungulia. Yote mitatu ilikuwa imelegea, majani yananing'inia kama masikio ya mbuzi. Nilidaka kata nikakimbia. Bibi akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mgumu kuliko nilivyodhani.

"Uache. Mche uliohamishwa hulegea mchana. Kaa hapa uutazame."

Nikakaa. Ndiyo adhabu pekee aliyonipa, na sijapata kupewa kubwa kuliko hiyo: kukaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kuanzia adhuhuri, kata ya maji iko mkononi, nikitazama mbegu ya mwisho ya Bibi yangu ikilala, pamoja na nafasi yangu katika nyumba ile, na nisifanye lolote. Nilimchukia Bibi kwa saa mbili nzima, Mungu anisamehe. Kivuli cha ukuta kilipoifikia, jani moja likanyanyuka kidogo. Nikadhani macho yangu. Halafu la pili. Adhana ya magharibi iliikuta mitatu yote imesimama, na mimi nalia kama mtoto wa kutahiriwa.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe unayelea mche au mtu. Woga hujivika kanzu ya huruma, nawe ukaupokea sebuleni. Unapotaka kuongeza kitu, chomeka kidole kwanza ujue kama kinahitajika. Ukiambiwa jambo na mkubwa usilolielewa, uliza sababu kabla ya kulicheka. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kupiga mistari kwa rula. Ukikosea, sema siku ya mche wa kwanza, usingoje siku ya mnavu, maana ningekwenda kumwambia Bi Mwanatumu tangu ule mmoja ulale, minane ingepona. Na kilichohamishwa kikilegea, kipe muda kabla ya kukipa maji.

Mola akupe mkono mwepesi na kidole chenye kusema kweli, akuepushe na vifuu vipofu, na kila utakachokitoa nje akisimamishe jioni.

Utaniuliza kama nilibaki au nilikwenda. Nilikwenda, ndani ya lori, nimekumbatia sanduku, na nilikaa huko Muheza miaka mingi. Bibi mwenyewe alikuwa amekwisha lainika, anatafuta maneno ya kumwambia Mjomba aniache. Lakini Ijumaa ile ya pili, Mjomba alipokuja, Bi Mwanatumu alikuwa anarudisha kinu. Akaitazama miche mitatu iliyoshika uani, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni nyuma ya Bibi, akasema:

"Bi mkubwa, hii umekwisha ihamisha, bado huyo mmoja uliyemweka ukumbini miaka kumi na tisa."