Drili Ndogo na Mlango wa Mvule

Mlango wangu ulikuwa wa mvule, na mvule haukubali msumari. Nilijaribu kupigilia komeo kwa nyundo, misumari mitatu ikapinda, wa nne ukaniruka usoni. Siku zile, baada ya Wahindi kufukuzwa nchini, askari waliingia nyumba yoyote waliyoipenda mchana kweupe, bila hodi, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ninayeishi peke yangu. Seremala niliyemwita aliahidi Jumatatu tatu, hakutokea hata moja. Nikasema basi, nitanunua drili ya umeme nitoboe mwenyewe. Sikuwa nimewahi kushika drili maishani.

Duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Owino lilikuwa la Mhindi. Sasa lilikuwa limepewa sajini mmoja wa jeshi. Sajini huyo hakujua kitu. Alipanga bei kwa ukubwa, kama muuza viazi: kikubwa ghali, kidogo rahisi. Alikaa mlangoni juu ya mifuko ya saruji, soda mkononi, na kila swali akamtupia karani, Mganda wa makamo aliyekuwa humo tangu enzi za Mhindi. Karani aliachwa kwa sababu moja tu: bila yeye hakuna aliyejua hiki ni nini na kile ni cha kazi gani.

Akaniwekea drili mbili mezani. Moja kubwa ya kijivu, ya kushika kwa mikono miwili; nyingine ndogo, yatosha kapuni. Mimi, mshamba wa vyuma, nikaikimbilia kubwa.

“Nyabo, hiyo wacha,” akasema kwa sauti ya chini, akiniita bibi kwa Kiganda. “Nusa.”

Nikanusa. Harufu ya waya ulioungua.

“Ndani imekufa. Mtu naanza, achukue ile mkono yake naweza.” Akanipa ndogo, akaniambia ninyooshe mkono nayo mpaka nichoke. Sikuchoka. Akaichomeka, ikazunguka. “Sikia, haikohoi. Kwa nyumba, hii natosha.” Kisha akatazama mlangoni. “Lakini ile kubwa usimwambie mzee. Nikisema imekufa, atasema mimi nimeiua.”

Nikaitikia kwa kichwa. Nilielewa vizuri kabisa, wala sitajitetea kwamba sikuelewa.

Tatizo langu ni kwamba nililelewa sokoni. Mama aliuza nguo, na kwetu hununui kitu bila kukitukana kwanza. Nyanya utaziambia zimelala, gauni utaliambia lina tundu, muuzaji atakutukana nawe, mtacheka, bei itashuka. Asiyeponda bidhaa ni mgeni au mjinga. Sajini aliponitajia bei ya ile ndogo, mdomo ukafunguka wenyewe.

“Eh, afande! Bei hiyo kwa duka gani? Ile kubwa imeungua, karani wako mwenyewe amesema. Na hii nitajuaje ni nzima?”

Nilisema nikicheka. Karani aliinamisha macho kwenye meza akaanza kuzikunja waya ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, ila hawakusema ni kichwa cha nani.

Sajini naye akacheka. Akaweka soda chini, akaja ndani.

“Mashine yangu imekufa?” Akaichomeka ile kubwa. Ikakoroma, ikatoa moshi, ikanyamaza. “Kumbe wewe najua, unanyamaza. Mimi ndiyo mjinga ya hii duka?”

“Hapana, afande.”

“Na hii kidogo ndiyo nzuri?”

Karani akaendelea kukunja waya.

“Haya, tumuoneshe mama. Shika mbao.”

Akamsimamisha ameegemeza ubao kifuani, kiganja cha kulia kimeutegemeza kwa nyuma. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Ningeweza kusema nimedanganya, nimetunga, ni mazoea ya sokoni tu. Nilisema, “Afande.” Basi. Neno moja, tena kwa heshima.

Drili ndogo haikukohoa. Ilipita ubao taratibu, ikatoa unga mweupe mwembamba, na sajini aliendelea kusukuma. Karani hakupiga kelele. Alivuta pumzi kama mtu aliyeingia maji ya baridi, akabaki amesimama kwa sababu hakuambiwa akae.

Sajini akafuta ncha kwa kitambaa, akazungusha waya vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili.

“Chukua, mama. Bure. Umenisaidia.”

Nikachukua. Miaka mingi nimejiambia ilikuwa hofu, na hofu ilikuwepo, nani asiyeogopa? Lakini nilipofika barabarani na drili kapuni, chini kabisa ya ile hofu nilijua pia kwamba nimepata kitu kizuri bure, na nilifurahi. Najichukia kwa hilo kuliko kwa mdomo wangu.

Mashimo manane yalinichukua chini ya saa moja. Mikunjo ya ncha ilikuwa na wekundu ambao kitambaa hakikuufikia. Nikausafisha kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa. Karani alikuwa mkweli kwa kila neno. Haikupata moto, mkono haukuchoka, na mvule ulioushinda msumari ulitoboka kama sabuni.

Wiki mbili nilizunguka njia nyingine. Siku ya mvua sikuwa na budi, nikapita mbele ya duka. Sajini alikuwa kwenye saruji yake. Ndani, karani alikuwa anamwonesha mteja pasi, mkono wa kulia umefungwa kitambaa mpaka kwenye kifundo, akiinua kila kitu kwa kushoto. Nikajifanya naangalia matope. Akaniona.

“Nyabo,” akaita, kwa adabu ileile. “Komeo ilikaa?”

“Ilikaa, sebo,” nikajibu, nami nikimwita bwana.

“Ah. Vizuri,” akasema, akamgeukia mteja wake.