Sista Aliyeacha Kugombeza

Katika miaka ya tisini, mtu akisema anakwenda "kwa Sista" katika mtaa wetu wa kando ya Barabara ya Jogoo, hakuhitaji kutaja jina. Sista alikuwa ni Muthoki, muuguzi wa kliniki ya mtaa, mwanamke wa Machakos mwenye mwendo wa polepole na sauti iliyosikika hadi langoni. Mimi nilikuwa nikitoa dawa dirishani, na meza yake ilikuwa hatua chache kutoka kwangu.

Jambo alilosifiwa zaidi halikuwa sindano, ingawa alikuwa na mkono mwepesi. Mama akija na jicho lililovimba, Muthoki alimsafisha, akamtia dawa, kisha akatuma mtu amwite mume. Mume alisimamishwa mbele ya benchi la wagonjwa na kugombezwa. Dereva mmoja aliulizwa kama yeye ni mwanamume au lori lililokatika breki, na benchi zima likaangua kicheko. Jumapili iliyofuata, Muthoki na mzee Ndambuki wa kanisani walifika nyumbani kwa wale wawili, wakanywa chai, wakaomba, wakawapatanisha. Wazee walimpa kiti katika vikao vyao vya kusuluhisha ndoa, heshima ambayo wakati ule haikuwafikia wanawake wengi.

Mwaka wa 1996 tulialikwa kwenye semina katika ukumbi wa kanisa huko Makadara. Shirika moja la akina mama lilikuwa likiwafundisha wahudumu wa afya jinsi ya kumtambua mgonjwa anayepigwa nyumbani, na la kufanya baada ya kumtambua. Mwalimu wetu, Bi Lorine, alikuwa na umri wa kuweza kuwa binti yake Muthoki, na alizungumza taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Alitufundisha kutazama jeraha lisilolingana na maelezo: mtu asema aliteleza bafuni, nazo alama ziko kwenye mikono, pale mtu anapojikingia. Mgonjwa aulizwe akiwa peke yake, alisema, naye asilazimishwe kujibu. Akisema, maneno yake yasitoke chumbani bila ridhaa yake. Na mume asiitwe.

Hapo Muthoki aliinua mkono.

"Mimi huwaita, Bi Lorine, na wanaacha. Mchukue Luseno wa kiwanda cha sabuni. Mwaka jana nilimgombeza mbele ya watu mpaka shati likalowa jasho. Tangu siku ile mkewe hajaletwa kwangu na jeraha hata moja."

"Hajaletwa kwako," akasema Bi Lorine. "Anatibiwa wapi siku hizi?"

Mchana ule chakula kilipoletwa, Muthoki alikaa akiitazama sahani mpaka mchuzi ukaganda.

Ayuma, mke wa Luseno, hakuwa ameacha kabisa kufika klinikini. Kila mwezi alimleta mtoto wake mchanga kupimwa uzito, na Luseno alimsindikiza hadi mlangoni na kumngoja pale. Majirani walimsifu mwanamume huyo kwa jinsi alivyomjali mkewe. Ila chumba cha mizani hakukiingia. Hakuna sheria iliyomkataza; ilikuwa tu ni aibu kwa mwanamume kuonekana katikati ya akina mama wanaonyonyesha, na hata mwanamume mkali kiasi gani aliiheshimu aibu ile.

Yaliyosemwa katika chumba hicho baada ya semina niliyapata miaka mingi baadaye kutoka kwa Ayuma mwenyewe, naye ndiye aliyeniruhusu kuyaandika. Muthoki alifunga mlango, akamvika mtoto ile suruali ya turubai, akamning'iniza kwenye mizani. Kisha, kwa sauti ambayo Ayuma hakuwahi kuisikia kwake, alimwuliza kama kuna mtu anayemuumiza nyumbani.

Ayuma aliinua blauzi. Ubavuni palikuwa na alama mbichi juu ya alama zilizokwisha kuwa nyeusi. Akaeleza kwamba ile siku ya kugombezwa, Luseno hakusema neno njiani. Alifunga mlango kwanza. Tangu hapo, kila alipoumizwa alikwenda kutibiwa Majengo, kwa miguu, kwa jina lisilo lake.

"Ulimgombeza ukabaki hapa, Sista," akasema. "Mimi ndiye niliyerudi naye. Nakuomba, ukimwona pale nje usimkazie hata uso."

Muthoki hakujitetea. Alimwuliza anataka nini. Ayuma alitaka kwenda kwa dada yake Mbale, ila angengoja shule zifungwe mwezi wa nane, wakati mtoto wake wa kwanza angepelekwa kwa nyanya yake kama kila mwaka, ili asiachwe mikononi mwa baba yake. Tena hangeweza kutoka nyumbani na mkoba. Wakakubaliana hivi: kila mwezi angekuja na kitu kimoja kilichofichwa ndani ya shali ya mtoto, leo gauni, mwezi ujao viatu, na Muthoki angekifungia katika kabati la bendeji.

Hivyo ndivyo miezi ilivyopita. Muthoki alimtoa Ayuma hadi mlangoni, akamwamkia Luseno, akamwuliza habari za kazi, akamwambia mtoto anaongezeka vizuri. Luseno alitabasamu na kumshukuru. Akina mama wa benchini waliona yote hayo, na hawakuyapenda.

"Sista wetu amestaafu kabla ya wakati," akasema Wayua, muuza mboga. "Siku hizi wanaume anawapigia saluti."

Wakacheka. Muthoki akamwita mgonjwa aliyefuata.

Shule zilipofungwa, Luseno alipangiwa zamu ya asubuhi. Ayuma alikuja peke yake na mtoto mgongoni, akakaa kidogo katika chumba cha mizani, akatokea mlango wa nyuma pamoja na mama mmoja wa lile shirika, hadi kwenye basi la kwenda magharibi.

Siku ya pili yake Luseno alikuja na mzee Ndambuki. Mzee alimwamkia Muthoki kwa upole, akamkumbusha nyumba zote walizowahi kuziponya pamoja. Alimwomba aseme Ayuma yuko wapi, ili wakae wote, waombe, yaishe.

"Mambo ya mgonjwa hayatoki hapa, mzee."

"Hata kwangu mimi?"

"Hata kwako."

Ndipo Luseno akasogea mbele, akavua kofia. "Basi nigombeze, Sista. Nigombeze kama siku ile, mbele ya watu wote hawa. Nimekosa, nitakubali."

Nilimwona Muthoki akivuta pumzi, na nilidhani ile sauti ya zamani ingetoka. Haikutoka.

"Sina la kukugombeza, Bwana Luseno. Kama unaumwa, keti kwenye foleni."

Luseno aliivaa kofia yake, akaondoka. Mzee Ndambuki alimfuata bila kuaga. Kiti cha Muthoki katika vikao vya wazee kilipewa mtu mwingine mwaka huohuo, na wapo waliomwita mvunja nyumba hata kwenye uwanja wa kanisa. Hakuwajibu. Jibu lolote la kweli lingemtaja Ayuma, na Luseno bado alikuwa akimwulizia kwa kila mtu.

Baadaye kidogo, siku ya kupima watoto, Wayua alibaki nyuma wenzake walipokwisha kuondoka. Mtoto wake alikuwa amekwisha kupimwa. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha mizani, shali imemfunika hadi shingoni ingawa jua lilikuwa kali.

"Mume wangu hataitwa?" akauliza.

"Hataitwa," akasema Muthoki, akamvutia kiti na kuufunga mlango.