Begi la Kowsar la Kukunjwa

Kowsar huendesha basi hapa Birmingham, kutoka mtaa wa Lozells hadi mjini. Anabeba watu kutwa, kwa hiyo ungedhani amezoea mizigo ya wenzake. Wapi! Safari yake ya kwao Isiolo, Kenya, mwaka 2004 ilimtoa machozi. Alikwenda na masanduku ya watu, viatu, manukato, miwani, na likizo nzima akazunguka mji akigawa. Mama yake alimwona wakati wa kula na kulala tu. Akaapa kwamba safari ijayo itakuwa ya mama peke yake.

Mwaka 2006 akanunua begi. Alilipata katika duka la wapanda milima, ingawa mlima pekee anaoupanda Kowsar ni ngazi za nyumba yake hapa Bordesley Green. Lilikuwa begi la mgongoni, jepesi kama mtandio, la kukunjwa likaingia ndani ya mfuko wake lenyewe mpaka likabaki kama sambusa kubwa. Alituita majirani tunywe chai, akalikunjua, akalikunja, akalikunjua tena.

"Hii ndio luggage yangu yote," akatuambia. "Mimi si cargo tena."

Tukacheka, tukidhani ni mzaha. Siku ya safari nikampelekea viatu vya dada yangu, ambaye ana duka hukohuko Isiolo. Jozi moja tu, tena havina hata visigino. Kowsar akanigeuzia mgongo nione begi lilivyojaa.

"Mama Kirandeep, haviingii."

"Si ungenunua begi kubwa kidogo?"

"Ningenunua kubwa, vingeingia."

Jirani yetu Deka naye alirudishwa mlangoni na nguo za mtoto wa nduguye. Tulinuna, na nadhani tulikuwa na haki ya kununa.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe aliporudi. Teksi ilimshusha kwao akakuta sebule imejaa. Mama yake alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba binti anakuja, na kila mwenye ndugu Birmingham amefika kupokea chake. Mama ameketi katikati na gauni jipya, chai imepikwa ya kutosha harusi. Watu wakamsalimu Kowsar huku wakichungulia nyuma yake.

"Mizigo inashushwa?" mama akauliza.

"Ni hili begi tu, hooyo. Nimekuja kwako."

Chai ikanywewa upesi. Watu wakaaga kwa adabu zote.

Basi Kowsar akapata alichokitaka. Alishinda na mama yake asubuhi hadi jioni, na hakuna aliyewakatiza. Hata jirani wa kuomba chumvi hakubisha hodi. Mama aliendelea kupika chai ya wageni, na jioni akaimwaga.

Siku ya kuagana, mama alilichukua lile begi, akaligeuzageuza mikononi.

"Zuri," akasema. "Lakini ile safari iliyopita, wewe uliposharudi Ulaya, watu waliendelea kuja kunishukuru. Mwaka mzima sikukaa peke yangu."

Juzi Kowsar alibisha kwangu akauliza kama vile viatu bado ninavyo. Nilikuwa navyo. Nikaongeza na blanketi.